Lugha, Kabila na Damu: Historia ya Selimundu katika Afrika ya Mashariki

Neno selimundu limeundwa kwa sehemu mbili: seli, yaani chembe ndogo ya mwili, ambalo ni neno la mkopo, na mundu, kile chombo cha chuma kilichopinda ambacho mkulima hukatia mpunga na majani. Ni neno lililozaliwa kwa njia ya tafsiri, na katika maandishi ya Kiswahili, hasa ya Tanzania, limekwisha kupata makao, ingawa hospitalini na majumbani wengi husema sikoseli, kama sikio lilivyoipokea lugha ya daktari. Mkikuyu au Mluyia asikiapo mundu kwanza hukumbuka mtu, kwa kuwa ndiyo maana yake katika lugha yake; na mwenye kuteta angeweza kusema kwamba chembe yenyewe, ikitazamwa kwa hadubini, yafanana na mwezi mwandamo kuliko chombo cha shambani. Hayo ni madogo. Lililo kubwa ni kwamba jina hilo lataja umbo la kitu ambacho mgonjwa hakioni wala hakihisi. Limetoka katika jicho la mchunguzi, halikutoka katika viungo vya anayeumwa.

Afrika ya Magharibi yana majina ya namna nyingine. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa Ghana alionyesha, katika miaka ya 1970, kwamba watu wa nchi yake walikuwa wameutambua ugonjwa huu na kuupa majina pasipo kungoja hadubini: Waga huuita chwechweechwe, na Wafante nwiiwii, maneno ambayo kwa kurudiarudia sauti zake huiga maumivu yanayotafuna mifupa bila kukoma. Yeye mwenyewe aliweza kuufuatia ugonjwa huo katika ukoo wake, kizazi kwa kizazi, mpaka mwaka 1670. Mtaalamu wa lugha atavutiwa na kielelezo hiki, maana ni nadra isimu na utabibu kutegemeana kwa uwazi hivi: palipo na jina la kale pana ujuzi wa kale.

Katika Afrika ya Mashariki maneno nayo yametenda kazi, lakini kwa upande mwingine. Huku majina ya lugha na ya makabila yalichukuliwa na wachunguzi kuwa vyombo vya kuainishia damu za watu. Damu ikakataa kuainishwa hivyo, na namna ilivyokataa ni sehemu muhimu ya historia ya elimu ya urithi wa viumbe duniani.

Kwanza yafaa kueleza jambo lenyewe. Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kwa msaada wa himoglobini. Maelekezo ya kuunda himoglobini hiyo, ambayo huitwa jeni, kila mtu huyapata mara mbili, nakala moja kwa baba na nakala nyingine kwa mama. Aliye na nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida huishi kwa afya, na aghalabu hajui kuwa anayo. Huyo ndiye mchukuzi. Aliye na nakala mbili ndiye mgonjwa: chembe zake hujipinda, huziba mishipa midogo, hufa mapema, na kumwachia maumivu, upungufu wa damu na udhaifu mbele ya maradhi mengine. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa ni tofauti kwa asili yake. Miaka michache baadaye, huko Cambridge, Vernon Ingram akagundua kwamba tofauti yote imo katika kiungo kimoja tu, cha sita, cha mnyororo wenye viungo 146. Herufi moja iliyokosewa katika waraka mrefu.

Maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu katika utabibu wa nchi za Magharibi yalichapishwa na James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Mgonjwa alikuwa Walter Clement Noel, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Kwa kuwa wagonjwa wa mwanzo walioandikwa walikuwa watu weusi, haukupita muda mrefu kabla ugonjwa haujafanywa alama ya rangi. Alipotokea Mgiriki au Mtaliana wa Sicily mwenye chembe hizo, baadhi ya madaktari wa Marekani walimtafutia babu mweusi aliyesahauliwa kuliko kuitilia shaka nadharia yao. Fikira hiyo ilikuwa na umri mrefu. Mpaka mwaka 1981 Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwazuia wachukuzi wasiingie, watu wenye afya kamili, kwa ajili ya nakala moja ya jeni. Na katika miaka ya 1970 baadhi ya majimbo ya nchi hiyo yalitunga sheria za kuwalazimisha watu weusi kupimwa, sheria ambazo mara nyingi hazikumtenga mchukuzi na mgonjwa.

Wakati huo, Afrika ilikuwa imekwisha kutoa swali ambalo Marekani haikuliona. Ikiwa wenye nakala mbili wengi hufa utotoni kabla ya kuzaa, kwa nini jeni hiyo haikutoweka? Kila kaburi la mtoto huondoa nakala mbili duniani. Kwa hesabu ya kawaida, baada ya vizazi kadhaa isingebaki. Lakini ilibaki, na pengine kwa wingi wa kushangaza. E. A. Beet, daktari wa serikali katika Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliandika mwaka 1946 katika jarida la matabibu la Afrika ya Mashariki kwamba miongoni mwa watu wa wilaya ya Balovale wenye chembe za mundu walionekana kuwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Nafasi ya pili ya fikira hiyo ilitoka mbali: J. B. S. Haldane, mtaalamu wa Uingereza, alidokeza mwaka 1949 kwamba ugonjwa mwingine wa damu, thalasemia, ulibaki kwa wingi katika nchi za Bahari ya Mediterania kwa sababu wenye nakala moja huenda waliepushwa na malaria.

Mwaka huohuo wa 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa Uganda. Miongoni mwa Waamba, wakaao chini ya milima ya Ruwenzori mpakani mwa Kongo, walikuta wachukuzi wapatao 45 katika kila watu 100. Mahali pengine katika nchi hiyohiyo walikuwa wachache mno. Kichwa cha ripoti yao kilitaja wazi kwamba mtawanyiko huo ulikuwa na maana katika elimu ya makabila. Hapo ndipo isimu inapoingia, kwa mlango usiofaa. Elimu ya makabila ya siku hizo ilikuwa imejengwa juu ya majina ya lugha. Charles Seligman, katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya mbari za Afrika, alikuwa amezitumia lugha kuwa kipimo cha asili ya watu, akawapa wale aliowaita Wahamiti sifa ya kuleta ustaarabu. Mtu alipimwa chembe, akaulizwa lugha yake, na majibu mawili yakawekwa katika safu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Joseph Greenberg aliivunja dhana ya lugha za Kihamiti katika miaka ya 1950 na 1960 kwa ushahidi wa lugha zenyewe. Yafaa ikumbukwe kwamba ushahidi wa damu ulikuwa umekwisha kuanza kuivunja kutoka upande wake.

Aliyeuleta ushahidi huo ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925 akakulia Kenya, katika shamba la baba yake Bonde la Ufa. Kisha akaenda Oxford kusomea utabibu. Mwaka 1949 alirudi pamoja na msafara wa chuo hicho uliokuja kuchunguza Mlima Kenya, naye akapata nafasi ya kukusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Matokeo yalikuwa hivi: pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria, wachukuzi walizidi 20 katika 100; katika nyanda za juu na nchi kavu iliyo katikati hawakufika mmoja.

Inafaa matokeo hayo yatazamwe kwa jicho la mwanaisimu. Wagiriama wa pwani na Wakikuyu wa milimani husema lugha za ukoo mmoja. Nomino zao zimepangwa kwa ngeli, vitenzi vyao hubeba viambishi, na msamiati wa msingi wa lugha moja mwenye nyingine huutambua. Damu zao, kwa kipimo hiki, ni mbali kama mashariki na magharibi. Wajaluo nao, ambao lugha yao ni ya Kiniloti na haina udugu wowote na Kigiriama, wanafanana na Wagiriama na Waluyia kwa wingi wa wachukuzi, hali Wamasai, Waniloti wenzao, wako pamoja na Wakikuyu. Mwenye kuchora ramani ya lugha za Kenya na mwenye kuchora ramani ya selimundu wangepatana mahali pachache sana. Lakini ramani ya selimundu ikiwekwa juu ya ramani ya mbu, hukaa sawasawa: kila palipo na joto, maji yaliyotuama na malaria ya mwaka mzima, jeni ipo, panapopanda juu penye baridi, hutoweka. Allison hakuulizwa na mtu kuhusu lugha, wala hakuwa mwanaisimu. Jibu alilolipata lilikuwa jibu la wanaisimu vilevile.

Nadharia bado ilitaka uthibitisho. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1954 Allison alieleza kuwa aliwapima watoto 290 wa Buganda. Kati ya wachukuzi 43, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani karibu asilimia 28. Kati ya watoto 247 wasio wachukuzi, 113 walikuwa navyo, karibu asilimia 46. Katika jaribio la pili, lililofanywa Nairobi, wanaume 30 wa Kijaluo waliambukizwa malaria kwa makusudi, 15 wachukuzi na 15 wasio wachukuzi. Wasio wachukuzi 14 waliugua. Wachukuzi walioambukizwa wakaonekana na vimelea walikuwa 2 tu.

Tarakimu hizo zimenukuliwa katika vitabu vya elimu ya viumbe vya dunia nzima, na mara chache sana anayezinukuu husimama juu ya wale wanaume 30. Ripoti huwaita watu waliojitolea, na ni kweli kwamba walitibiwa. Hata hivyo Kenya ilikuwa imo katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwafrika mjini Nairobi aliishi kwa kitambulisho na kwa hofu ya msako. Neno kujitolea, likitamkwa na kibarua mbele ya daktari Mzungu katika mji wa namna hiyo, halina uzito uleule lililo nao likitamkwa na mwanafunzi wa Oxford. Majina ya watu hao hayamo katika masimulizi ya ugunduzi huo, ambayo yana jina moja tu.

Musoma, upande wa Tanganyika, palitoa ushahidi wa tatu, ulio wa huzuni kuliko yote. Katika watoto wachanga 287 waliopimwa, 9 walikuwa na nakala mbili. Katika watu wazima 654, wenye nakala mbili walikuwa 5 tu. Kwa uwiano wa watoto wangalitarajiwa kuwa watu wazima 20 hivi. Waliopungua hapo ni waliokufa. Wakati huohuo wachukuzi, waliokuwa 89 kati ya wale watoto, walikuwa 249 kati ya watu wazima, yaani sehemu yao ilikuwa imeongezeka. Kwa kuwa watoto wasio na jeni hiyo nao walikuwa wameondolewa kwa wingi, hao na malaria. Jeni moja ilikuwa ikiua upande mmoja na kuokoa upande mwingine, na mizani ya vifo hivyo viwili ndiyo iliyoiweka mahali ilipo.

Habari ya Wajaluo yastahili kukaliwa kidogo, maana yaonyesha kuliko nyingine jinsi lugha na damu zinavyosafiri kwa njia mbili. Lugha ya Kijaluo ni ndugu wa karibu wa Kishilluk na Kianyuak cha Sudan ya Kusini, na masimulizi ya Wajaluo wenyewe, kama Bethwell Ogot alivyoyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia yao, huwaleta kutoka upande huo, kizazi baada ya kizazi, mpaka Nyanza. Katikati ya miaka ya 1950 Henry Foy na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, na kadhalika D. F. Roberts pamoja na Lehmann, waliwapima Waniloti wa Sudan ya Kusini. Miongoni mwa Wadinka, Wanuer na Washilluk selimundu ilikuwa nadra mno. Kwa hiyo wasemao lugha za karibu na Kijaluo hawana jeni hiyo ila kwa uchache sana, na Wajaluo wanayo kwa wingi uleule wa majirani zao Wabantu.

Ufafanuzi ulio mwepesi ni kwamba lugha ilitoka kaskazini na jeni ilipatikana ziwani. Wajaluo walipoingia Nyanza hawakukuta nchi tupu. Walioa, waliolewa, wakapokea koo nzima za watu waliokuwapo, na wengi wa waliopokewa wakaiacha lugha yao. Abasuba wa visiwa vya Mfangano na Rusinga na wa pwani ya ziwa iliyo karibu ni mfano ulio wazi mpaka leo: watu wenye asili ya Kibantu ambao wengi wao sasa lugha yao ya nyumbani ni Kijaluo. Mtoto wa ndoa kama hizo alijifunza maneno ya baba na, pengine, akapokea jeni ya mama. Kisha malaria ikafanya kazi yake. Kati ya watoto wa nyumba moja, mchukuzi alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa. Na kwa vizazi visivyo vingi sana, jeni iliyoingia kwa mlango wa ndoa chache ikaenea katika taifa zima. Lugha hushinda kwa heshima, kwa biashara, kwa wingi wa watu au kwa nguvu. Jeni hii haikuhitaji lolote la hayo. Ilihitaji mbu.

Frank Livingstone, Mmarekani, aliitumia njia hiyohiyo ya fikira mwaka 1958 kwa Afrika ya Magharibi, akalinganisha mtawanyiko wa lugha, wa kilimo na wa selimundu. Alidai kwamba mwitu ulipofyekwa kwa ajili ya mashamba, jua lilifika chini na madimbwi yakaongezeka, mbu aenezaye malaria akastawi, na jeni nayo ikapata sababu ya kuongezeka. Mkulima, kwa jembe lake, alijitengenezea ugonjwa na kinga yake pamoja. Wapo waliomkosoa katika mambo mengi. Jambo moja halikukosolewa: kwamba damu ya watu ina historia, na historia hiyo ni ya kazi zao zaidi kuliko ya rangi yao.

Ungetarajiwa basi kwamba majina ya lugha yangeachwa. Katika miaka ya 1980, wataalamu walipopata uwezo wa kuusoma mwandiko wa DNA ulio jirani na jeni ya selimundu, walikuta kwamba jeni hiyo ile imekaa katikati ya mipangilio ya alama iliyo tofauti kwa nchi na nchi. Mipangilio hiyo iliitwa haplotaipu na kupewa majina: Senegal, Benin, Kameruni, ile ya Kiarabu na Kihindi, na ile ya Afrika ya Kati, ambayo upesi ilianza kuitwa ya Kibantu. Bantu ni istilahi ya sarufi. Wilhelm Bleek aliiingiza katika taaluma, katika sarufi linganishi aliyoanza kuitoa mwaka 1862, kwa kutazama viambishi ngeli na neno la watu katika lugha hizo. Sasa istilahi ya viambishi imebandikwa kwenye kromosomu. Haplotaipu hiyo ndiyo iliyo ya kawaida nchini Kenya, na mgonjwa anayo bila kujali kama lugha yake ina ngeli au haina. Huko Oman, kama uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ulivyoonyesha, zipo aina tatu pamoja, ya Benin, ya Kiarabu na Kihindi, na ya Kibantu. Na hakuna msomaji wa historia ya Zanzibar na Maskati atakayeshangaa, kwa maana pepo za kaskazi na kusi zilivusha watu, wengi wao wakiwa watumwa, pamoja na maneno na mizigo. Katika kizazi cha Waomani wa leo alama hiyo ya Kibantu hubebwa na watu wengi ambao Kiarabu ndiyo lugha yao pekee.

Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi waliisoma upya historia ya jeni hiyo kwa kutumia jenomu nzima za watu wengi, wakahitimisha kwamba huenda ilizaliwa mara moja tu, miaka ipatayo 7,300 iliyopita, na haplotaipu zile zote ni matawi ya mti mmoja. Kama hesabu hiyo ni sahihi, jeni ilikuwapo kabla ya wasemaji wa lugha za Kibantu kuanza kutawanyika kutoka upande wa mpaka wa Nigeria na Kameruni. Kuiita ya Kibantu ni sawa na kumwita babu kwa jina la mjukuu.

Kazi kubwa ya siku hizi imefanywa Kilifi, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 na taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza. Huko Thomas Williams na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba nakala moja ya selimundu humkinga mtoto na malaria kali kwa kadiri ya asilimia 90. Walionyesha kadhalika, mwaka 2009, kwamba mtoto mwenye nakala mbili yumo katika hatari ya kuingiliwa na bakteria katika damu zaidi ya mara 20 kuliko mtoto wa kawaida, na bakteria hizo ni zilezile ambazo chanjo nyingine dhidi yake zipo. Kisha likaja kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo hupatikana Kilifi lakini halikuonekana Afrika ya Magharibi. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba nakala moja yake hupunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi, na mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake wakaeleza namna yake: utando wa chembe nyekundu huwa umekazika kama ngozi ya ngoma, na kimelea hushindwa kupenya. Malaria haikuandika jibu moja katika damu ya watu wa pwani. Yapo kadhaa, na pengine hata hayajamalizika kuhesabiwa.

Hata katika kazi hizi nzuri majina ya makabila yamebaki, na hapo pana jambo la kuangaliwa. Miradi mikubwa ya kimataifa ya jenomu ilichagua, kwa Kenya, damu za Waluyia wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa, na tangu mwaka 2010 tarakimu zao zimekuwa zikitumiwa katika maabara za mabara yote. Jina la Waluyia, kwa maana ya taifa moja, lilianza kutumika kwa mapana katika miaka ya 1930 na 1940, vyama vya siasa na kamati ya lugha vilipotafuta jina la kuunganisha watu wa lahaja nyingi. Kalenjin na Mijikenda ni majina ya rika hilohilo. Ni majina halali, kwa kuwa watu wenyewe waliyakubali na kuyapigania. Lakini ni madogo kwa umri kuliko wazee wengine walioyashuhudia, na kuyafanya vichwa vya safu za jeni za maelfu ya miaka kunahitaji tahadhari. Wachunguzi wa Webuye waliotaja mahali pamoja na kabila walifanya vema. Wanaonukuu tarakimu hizo mara nyingi huliacha jina la mahali na kulibakiza la kabila.

Tahadhari hiyo si ya vitabuni. Muuguzi akimwuliza mama kabila lake na, kwa kusikia kwamba ni la milimani, akaacha kumpima mtoto mwenye kuumwa viungo, amelichukua kosa la mwaka 1949 na kuliingiza katika zahanati ya leo. Wazazi wa mtoto wa Nairobi au Nakuru wanaweza kuwa wametoka ziwani, milimani na pwani katika vizazi viwili tu. Jibu limo katika tone la damu, wala kipimo chake si cha ghali sana.

Na bado kuna maneno. Kwa jeni, Kiswahili sanifu kimeunda kinasaba, vinasaba, kutokana na nasaba. Ni neno zuri kwa sauti, na limeingia magazetini. Lakini nasaba, katika matumizi ya pwani, ni mlolongo wa mababa. Mtu hutaja nasaba yake kwa kusema bin fulani bin fulani, na mama hamo. Kadhalika kurithi, ambalo hutumiwa katika kila kijitabu cha afya kinachoeleza selimundu: katika lugha ya watu, anayerithiwa amekwisha kufa, na kilichorithiwa hutoka kwa mmoja kwenda kwa wengine. Mzazi aliye hai na mzima, anapoambiwa kwamba mwanawe amerithi ugonjwa, huuliza umerithiwa kwa nani. Na katika nyumba nyingi swali hilo humwangukia mama, aidha kwa kudhaniwa kwamba upande wake ndio wenye damu mbaya, au, pale baba anapokataa kwamba naye ni mchukuzi, kwa tuhuma iliyo nzito kuliko hiyo. Kigiriama na Kijaluo vina matatizo ya aina yake katika jambo hili, nayo yangefaa kuchunguzwa na wasemaji wa lugha hizo.

Maelezo yaliyo sahihi yanahitaji sentensi ndefu kidogo: kwamba baba ana nakala moja na mama ana nakala moja, kwamba hakuna hata mmoja wao anayeumwa, kwamba katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupokea zote mbili, nafasi mbili za kuwa mchukuzi kama wazazi wake, na nafasi moja ya kutopokea hata moja, na kwamba mimba iliyotangulia haibadilishi hesabu ya ile inayofuata. Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba haya yote, na wafanyakazi wa afya ambao huyaeleza vizuri huyaeleza kwa kuwaonyesha wazazi punje nne za mahindi, mbili nyeupe na mbili nyekundu, na kuwaacha wazichague wenyewe kwa kufumba macho.